Sifa za Mtunza Sindano

Vyombo vingi vya jikoni vikiharibika vinajisema vyenyewe. Kisu kikifa makali kinateleza juu ya ganda la nyanya. Blenda ikiungua harufu inajaa nyumba nzima. Sufuria ikitoboka, mchuzi unazima jiko. Kipimajoto cha nyama hakina adabu hiyo. Kikiharibika kinaendelea kutoa namba, tena namba nadhifu yenye nukta na desimali, na mwenye nyumba anagawa mapaja ya kuku akiamini yamefika nyuzi 74 ilhali ndani ni 66. Kwa hiyo ninapomsifu mtu anayekitunza kipimajoto chake, simsifu kwa usafi tu. Namsifu kwa kukubali kazi ya kukishuku kila mara, hata siku ambazo hakijamkosea.

Ninachozungumzia ni kile kipimajoto cha kuchomea nyama kinachopeleka habari bila waya. Sindano ya chuma inachomekwa ndani ya mnofu, na joto linalosomwa huko linarushwa hewani hadi kwenye kipokezi cha mfukoni au kwenye simu, mpishi akiwa sebuleni na wageni wake. Viko vya aina mbili. Katika aina ya kwanza sindano ina waya uliofunikwa kwa nyuzi za chuma zilizosukwa. Waya huo unapita chini ya kifuniko cha jiko na kuingia kwenye kisanduku kilichokaa nje, na kisanduku ndicho kinachorusha habari. Katika aina ya pili hakuna waya hata kidogo. Betri, vihisi na redio vyote vimefichwa ndani ya kijiti chembamba chenye kichwa cha kauri.

Asili yake ni nyuma ya nyumba za Wamarekani, na sababu yake ni kifuniko. Mwaka 1952 George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers mjini Chicago, alichukua boya la chuma, akaligawa sehemu mbili na kulifanya jiko la duara lenye mfuniko wake. Mfuniko ulizuia upepo na kushika moshi, lakini ulimnyima mpishi macho. Kila akiufunua, joto linatoroka na mapishi yanarudi nyuma. Kule Texas, ambako kidari kizima cha ng'ombe hukaa kwenye moshi wa kuni za mwaloni saa kumi, kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, hakuna mtu anayeweza kukesha akifunua na kufunika. Hapo ndipo sindano inayokaa ndani ya nyama tangu mwanzo hadi mwisho ilipopata kazi ya maana.

Nyama choma ya kwetu haikuzaliwa na kifuniko. Mchomaji wa Kiamaiko au wa Kenyatta Market, jijini Nairobi, anasimama mbele ya wavu ulio wazi, anageuza mbavu za mbuzi kwa mkono, anazibonyeza kwa kidole, anasikiliza mafuta yanavyolia kwenye makaa. Ukimuuliza, "Imeiva, boss?" atakujibu, "Bado kidogo, mzee," na ukitazama saa utaona kidogo chake kina maana yake. Mtu wa namna hiyo hahitaji sindano, na sioni haja ya kumwuzia. Lakini tazama kwa nini kidole chake ni cha kweli. Kila siku kinakosolewa. Wateja wanairudisha nyama mbichi, wanailalamikia iliyokauka, na kidole kinajirekebisha kabla ya jua kuzama. Mimi na wewe tunaochoma nyama Jumapili moja moja, katika majiko yenye vifuniko yaliyoanza kuonekana kwenye maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, hatuna kidole hicho. Tunaazima kidole cha chuma. Na kidole cha chuma hakina wateja wa kukikosoa, isipokuwa mwenyewe ukubali kazi hiyo.

Ili kujua uongo wake unatoka wapi, yafaa kujua kinavyopima. Katika sindano nyingi za waya, nchani kabisa, imekaa punje ndogo ya kauri iitwayo themista, iliyotengenezwa kwa oksidi za metali kama manganizi na nikeli. Tabia yake ni ile ambayo Michael Faraday aliiona mwaka 1833 alipokuwa akichunguza salfidi ya fedha. Nyaya za kawaida zikipata joto huzidi kuukinza umeme, lakini ile salfidi, kadiri ilivyopata joto, iliupitisha kwa wepesi zaidi. Themista za sindano za nyama ndivyo zilivyo. Moja ya kawaida inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100,000 katika joto la chumba, na ikitiwa kwenye maji yanayochemka ukinzani huo ukashuka chini ya omu 10,000. Kisanduku hakijui lolote juu ya nyama. Kinapima ukinzani, kinautafuta kwenye jedwali lililohifadhiwa ndani yake, kinakutolea nyuzi.

Sasa tia tone la maji humo. Maji yenye chumvi na mafuta ya mchuzi yanapitisha umeme, kwa hiyo yanafungua njia ya pili kando ya themista. Ukinzani unashuka. Kisanduku kinauona ukinzani mdogo na kutangaza joto kubwa. Hii ndiyo sababu sindano iliyolowa haikosei ovyo: hukosea upande ule ule wa hatari, ikidai nyama imeiva kabla haijaiva. Dalili yake ya wazi ni sindano iliyolala kabatini usiku kucha kisha asubuhi ikaonyesha nyuzi 40 na zaidi. Wengi huiona dalili hiyo, wakasema labda jua limeingia dirishani, wakaendelea.

Maji yanaingilia shingoni, pale waya unapokutana na kijiti cha chuma. Kiwandani bomba la chuma limebanwa juu ya waya, na kubanwa si kuzibwa. Wale mafundi waliobuni waya huo waliwaza moto zaidi ya maji. Waliuvika kihami kinachostahimili joto, wakausukia nyuzi za chuma kisichoshika kutu zinazoonekana kama vazi la vita. Ni vazi lenye matundu mengi, na linanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba sindano nyingi haziuawi na moto. Zinauawa kwenye karai la vyombo.

Na karai la vyombo ni jambo la kijamii. Aliyechoma nyama, mara nyingi baba mwenye nyumba na rafiki zake, siye anayeosha. Nyama ikishaliwa, vyuma vyote vinakusanywa pamoja: koleo, uma, sahani za mafuta na sindano ndani yake, vinaelea kwenye povu hadi mtu mwingine avifikie. Mtu huyo hakuambiwa kitu, na akiisugua sindano vizuri mpaka ing'ae ametenda wema kwa kadiri ya alichojua. Mtunza sindano wa kweli huichukua mwenyewe kabla ya karai. Huo ndio mwanzo wa ufundi wote, na hauhitaji kifaa chochote.

Anaifuta ikiwa na uvuguvugu, kabla mafuta hayajaganda, ila si ikiwa ya moto wa kuunguza, maana chuma cha moto kikikutana ghafla na maji baridi kinajikunja haraka na viungo vya ndani vinalegea. Kitambaa chenye maji ya sabuni kinapita kwenye kijiti peke yake, kutoka shingoni kwenda nchani, shingo ikiwa imeelekezwa juu ili tone lolote litiririke kuikimbia. Masizi yaliyoungua yakashika, anayapaka uji mzito wa bekingi soda na maji, anaacha kidogo, anasugua kwa kitambaa. Nyaya za chuma za kusugulia sufuria haziguswi. Mwisho anapitisha pamba yenye spiriti, hasa kama sindano ilitoka kwenye nyama mbichi na itaingia kwenye nyama nyingine siku hiyo hiyo. Viungo vyetu vina lawama yake pia: mishikaki iliyolala kwenye ndimu, chumvi, tangawizi na papai bichi inaacha juisi kali sana, na chuma kinachoitwa kisichoshika kutu huchimbika vitundu kikiachwa na chumvi na ukali huo usiku mzima.

Sindano ya waya iliyokwisha kulowa haijafa bado. Inaweza kulazwa ndani ya oveni ya nyuzi 150 kwa saa moja au mbili, plagi yake ya plastiki ikiachwa nje ya mlango, na mvuke ukatoka ulipoingilia. Nyingi hurudi kusema kweli. Lakini tiba hii ni ya sindano ya waya tu. Ile yenye betri ndani ukiilaza hivyo umeichoma.

Kuhusu waya wenyewe, maadui ni wawili: mwali na mkunjo. Waya mwingi wa aina hii huvumilia takribani nyuzi 300 hadi 380, na makaa mekundu yanapita nyuzi 600 kwa urahisi. Ukiupitisha juu ya makaa, vazi la chuma litabaki zima na kihami ndani kitayeyuka, nyaya mbili zigusane, kisanduku kipige kelele au kionyeshe joto la ajabu. Upande wa mkunjo, mtu anayeuviringa waya kwa kuubana kuzunguka kisanduku, jinsi watu wanavyoviringa chaja za simu, anavunja nyuzi za ndani moja moja pale pale shingoni. Uviringe kwa duara pana, sawa na sahani ya chai, uutundike msumarini. Kama kifuniko cha jiko hakina pengo la kuupitishia, tafuta pengo. Kuubana kati ya chuma na chuma kila Jumapili ni kuukata polepole.

Sindano isiyo na waya ina busara ambayo ilinichukua muda kuithamini. Betri na redio haviwezi kustahimili joto la jiko, basi waliobuni wakaviweka kwenye sehemu inayozama ndani ya nyama. Nyama imejaa maji, na maji hayapiti sana kiwango cha kuchemka, hivyo mnofu ndio ngao inayoikinga elektroniki dhidi ya moto. Sehemu ya nyuma, yenye kauri, inabaki nje kupima joto la jiko na kurusha mawimbi. Kwenye kijiti kuna alama ya mstari, na mstari huo ndio mkataba: sindano izame mpaka hapo au zaidi. Baadhi yake huvumilia nyuzi 275 upande wa kauri lakini 100 tu upande wa ndani. Kutokana na hilo kosa baya kuliko yote ni kuiacha sindano juu ya wavu baada ya nyama kutolewa, hata kama moto unaonekana umefifia. Ngao imeondoka, betri imebaki uchi.

Watu hulalamika kwamba sindano hizi zinapoteza mawasiliano, na mara nyingi wanailaumu betri. Bluetooth inatumia mawimbi ya takribani gigahezi 2.4, jirani kabisa na yale ya jiko la maikrowevu, na maji yanayanyonya mawimbi hayo. Kifuniko cha chuma kinayazuia. Sindano inazungumza kutoka ndani ya sanduku la chuma, nusu yake imezama ndani ya maji. Ajabu ni kwamba inasikika. Kabla ya kuilaumu, elekeza kichwa cha kauri upande wenye matundu ya hewa, sogeza kisanduku chake karibu, na ufute vituo vya kuchajia kwa spiriti. Utando wa mafuta usioonekana kwa macho unatosha kuzuia chaji, na sindano iliyochajiwa nusu inanyamaza katikati ya karamu.

Tufike kwenye barafu, ambayo ndiyo kiini cha ufundi huu. Sindano yenye redio ndani yake inapimwa ukweli wake kwa kitu ambacho mababu wa vipimajoto walikitumia karne tatu zilizopita. Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, na baada yake Anders Celsius wa Uppsala, Sweden, wote walihitaji kitu cha kuegemea ambacho hakibishani, na barafu inayoyeyuka ilikuwa mojawapo. Celsius alipotoa kipimo chake mwaka 1742 alikiandika kinyume, sifuri ikiwa maji yanayochemka na mia ikiwa barafu. Kikageuzwa baada ya kifo chake. Haijalishi uliita sifuri au mia. Barafu safi inayoyeyuka ndani ya maji inabaki pale pale, Uppsala na Mombasa.

Lakini barafu nayo ina masharti, na hapa wengi wanapuuza. Barafu inayotoka moja kwa moja kwenye friza iko chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, kwa hiyo sindano iliyochomekwa kwenye barafu kavu haijapimwa na chochote. Maji yenye vipande vitatu vya barafu vinavyoelea nayo ni hila, kwa kuwa maji yana uzito mkubwa zaidi yakiwa nyuzi 4 na huzama chini. Juu ni sifuri, chini ni nne, na sindano yako iko chini. Ponda barafu, jaza chupa ya chai yenye mdomo mpana mpaka juu, kisha mimina maji baridi yazibe mapengo tu. Subiri dakika chache. Koroga. Tia sindano katikati, ncha isiguse ukuta wala kitako, shingo ibaki nje ya maji, na uendelee kukoroga polepole mpaka namba itulie. Tofauti ya nusu nyuzi ni ya kusamehe. Ikipita nyuzi moja, andika.

Namaanisha andika kweli. Kipande cha utepe kwenye waya, herufi ya sindano na kosa lake: A, zaidi ya 1, B, sawa. Vifaa vingine vina sehemu ya kurekebisha kosa hilo ndani ya programu, lakini mimi napenda utepe. Programu hubadilika ikisasishwa, utepe haubadiliki.

Kipimo cha pili ni maji yanayochemka, na hiki kinatudai Waafrika Mashariki akili zaidi kuliko wenzetu wa Houston. Vitabu vya maelekezo vinasema nyuzi 100. Ni kweli Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar. Nairobi, mji ulioko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu 95. Eldoret, juu ya mita 2,000, ni 93. Hewa inapungua uzito kadiri unavyopanda, na maji yanapata urahisi wa kuwa mvuke. Mama yeyote wa nyanda za juu anayepika maharage anaijua athari hii bila kuambiwa namba. Sasa mfikirie mtu mwangalifu wa Nairobi anayesoma maelekezo, anatia sindano nzima na ya kweli kwenye sufuria inayochemka, anaona 94, anasikitika, anaingia kwenye programu na kuiongezea nyuzi 6. Amefanya kila kitu kwa bidii na ameifundisha sindano kudanganya. Tangu siku hiyo kuku wake akisomeka 74 yuko 68.

Sihesabu hilo kama dogo. Wizara ya kilimo ya Marekani imeweka nyuzi 74 kwa kuku na ndege wote, 71 kwa nyama ya kusaga, na 63 kwa vipande vizima vya ng'ombe, mbuzi na nguruwe vikifuatiwa na dakika tatu za kupumzika. Kwa walaji wa kitimoto swali hili lina mnyoo wa tegu ndani yake, na sijui mtu mwenye kidole kinachoweza kuhisi katikati ya paja la nguruwe pamefika wapi.

Mwinuko una lingine la kusema. Mapishi ya Texas huagiza kidari kitolewe kikifika karibu nyuzi 95, kwa sababu huko kolajeni imekwisha kuwa jelatini na sindano inaingia bila kukwama. Namba hiyo iliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nairobi namba hiyo iko juu ya kiwango cha kuchemka kwa maji, na anayengoja kidari chake kiifikie anakausha nyama akingoja kitu ambacho maji yaliyomo yanakizuia. Wa nyanda za juu ashushe lengo nyuzi chache, atoe muda zaidi, kisha ahukumu kwa jinsi sindano inavyopenya. Hapo sindano inatumika mara mbili: kwa namba yake na kwa ulaini inaoupata njiani.

Tena kuna ile saa ambayo kipimajoto cha kweli hufanana kabisa na kibovu. Kidari kikifika nyuzi 65 au 70, namba inasimama. Inasimama saa mbili, tatu, nne. Wakati mwingine inashuka. Moto uko sawa, kifuniko kimefungwa, lakini nyama haipandi. Sababu ni jasho: maji yanatoka juu ya nyama, yanakuwa mvuke, na mvuke unaondoka na joto sawasawa na lile moto unaloleta. Jioni ya namna hii ndiyo inayomtenga aliyeipima sindano yake na asiyeipima. Asiyeipima anaichomoa, anaichomeka pengine, anaipiga piga, anaongeza makaa kwa hasira. Aliyeitia kwenye barafu Ijumaa anaikunja nyama kwenye karatasi ya buchani ili apunguze jasho, au anaamua kungoja tu, na anaendelea na mazungumzo yake. Utulivu wake haukutoka kwenye tabia njema. Ulitoka kwenye chupa ya barafu.

Betri za kisanduku zinahitaji sentensi chache. Betri za kawaida za alkali zikisahaulika miezi huvuja haidroksidi ya potasiamu, inayoganda kuwa ule unga mweupe unaokula vituo vya chuma. Matone ya siki au ndimu kwenye pamba huuondoa, kisha spiriti. Ukiwa pwani, zitoe kila baada ya matumizi, kwa sababu hewa ya chumvi haingoji zivuje. Hifadhi kifaa ndani, si kwenye kibanda cha jiko, hata kama kibanda kina paa zuri.

Ninakiri upendeleo: kwa mtu aishiye mbali na maduka ya vifaa hivi, sindano ya waya ni bora kuliko ile nzuri isiyo na waya. Betri iliyofungwa ndani ya kijiti haibadilishwi. Itachoka baada ya miaka kadhaa ya kuchajiwa na kupashwa moto, na siku hiyo kijiti kizima kinakuwa taka, tena taka isiyotakiwa kwenye moto wala kwenye shimo la majani. Nairobi wapo WEEE Centre wanaopokea takataka za umeme. Juu ya hilo, kifaa kinachotegemea programu ya simu kinaishi kwa hisani ya kampuni iliyoiandika. Sindano ya waya ikifa unainunua nyingine, unaichomeka, kisanduku kinaendelea.

Ila kuinunua nako kuna mtego. Plagi za sindano nyingi ni zile zile ndogo za milimita 2.5, na muuzaji atakuapia kwamba yoyote itaingia. Itaingia. Lakini themista ya kampuni moja haina ukinzani sawa na ya nyingine, na jedwali lililomo kwenye kisanduku chako liliandikwa kwa ajili ya ile ya kwanza. Sindano ngeni itawaka, itapanda moto ukipanda na kushuka ukishuka, na inaweza kupotoka nyuzi kumi njia nzima bila dalili yoyote kwenye kioo. Kabla hujalipa, linganisha jina la modeli lililoandikwa kwenye plagi na lile la kisanduku, na kama muuzaji ana friji ya soda dukani, mwombe kikombe cha barafu.